Tovuti tunayo, lakini akili mnemba haitujui

Swali

Kaka, mimi na mume wangu tuna duka la vyerehani na spea zake hapa Kariakoo tangu 2009, na tovuti tunayo tangu 2019. Mwezi uliopita binti yetu aliiuliza ChatGPT wapi atapata ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za nguo, Dar es Salaam. Ikamtajia maduka matatu, letu halimo. Akaiuliza kwa jina la duka letu, ikajibu haina taarifa za kutosha, halafu ikampa namba ya simu tuliyoiacha miaka mingi. Kijana aliyetutengenezea tovuti anasema anaweza "kutuunganisha na AI" kwa laki sita, atatuwekea faili maalumu. Tumpe? Tovuti yenyewe ni nzuri, kila anayeiona anaisifia.

Dada wa vyerehani, Kariakoo

Jibu

Dada, laki sita iache kwenye droo kwanza. Hilo faili analotaka kukuuzia nalijua, nitalifikia. Jana usiku niliifungua tovuti yenu kwa utulivu, na ni kweli inapendeza: picha zinateleza, rangi zimekaa vizuri, ile picha ya ovaloki ya nyuzi nne imepigwa na mtu anayejua kamera. Shida ni kwamba uzuri wote huo ni wa macho, na anayewajibu wateja wako siku hizi hana macho ya namna hiyo. Anasoma maandishi. Kwenu nimemtafutia maandishi ya kusoma nikakuta karibu hakuna.

Kwanza tuelewane jinsi jibu linavyopikwa. Mashine hizi zina njia mbili za kujua jambo. Ya kwanza ni kumbukumbu: zimefundishwa kwa maandishi mengi mno yaliyokusanywa mtandaoni hadi tarehe fulani, kisha kufundishwa kukasimama. Duka la fremu moja Kariakoo si rahisi libaki kwenye kumbukumbu hiyo, hata kama lina tovuti. Njia ya pili ni kutafuta papo hapo. ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 haikuwa na uwezo huo. Kipengele chake cha kutafuta kilitangazwa Oktoba 2024. Google nao walianza kuweka majibu ya akili mnemba juu ya matokeo kwa watumiaji wa Marekani Mei 2024, kisha wakayasambaza kwingine. Mtu akiuliza "wapi nitapata ovaloki Dar", mashine hupeleka swali kwenye injini ya kutafutia, hupewa kurasa kadhaa, husoma maandishi yaliyomo, kisha huandika jibu kwa kuokoteza humo. Huyo ndiye mteja wako mpya: msomaji mwenye haraka, anayesoma kurasa chache na kwenda kumsimulia mwenzake.

Kwa hiyo hakuna waya wa "kuunganisha". Kuna maswali matatu tu: je, anaruhusiwa kuingia, akiingia anakuta maneno, na maneno yenyewe anayaelewa? Ninyi mmekwama tangu la kwanza.

Chukua simu yako, andika anwani ya tovuti yenu, mwishoni ongeza /robots.txt halafu fungua. Mimi nilikuta mistari miwili:

User-agent: *
Disallow: /

Maana yake ni "roboti yeyote, asiguse kitu humu". Roboti hapa ni programu inayozunguka mtandaoni kusoma kurasa. Ni ile karatasi mnayobandika mlangoni, "Tumefunga kwa ajili ya kuhesabu mali", isipokuwa yenu imebandikwa tangu 2019 na hakuna aliyekumbuka kuibandua. Mafundi huiweka wakati wa ujenzi ili Google isionyeshe tovuti ambayo haijakamilika. Utaratibu huu ni wa siku nyingi, ulipendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994, na ikafika 2022 ndipo ukaandikwa rasmi kama kiwango cha intaneti. Haumzuii mtu kwa nguvu, ni tangazo tu, ila roboti za kampuni kubwa za kutafuta hulisoma na kulitii. Ndiyo sababu nilipolitafuta duka lenu Google, jina la tovuti lilitokea lakini chini yake hapakuwa na maelezo yoyote. Google wanajua mlango upo. Kilichomo ndani hawajaruhusiwa kukiona.

Simlaumu sana kijana. Mimi mwenyewe nilimfanyia hivyo mteja mmoja wa Sinza, nikagundua baada ya miezi mitano, na ilibidi nimrudishie pesa ya matengenezo. Ila kabla ya kuuza dawa ya laki sita, fundi angeanza kwa kuangalia mlango.

Mwambie afute huo mstari wa Disallow. Baada ya hapo kuna majina machache unayotakiwa kuyajua, kwa sababu si kila roboti ana kazi moja. Googlebot ndiye analisha utafutaji wa Google pamoja na yale majibu ya akili mnemba juu yake. Bingbot ni wa Bing, injini ya kutafutia ya Microsoft. OAI-SearchBot ni wa OpenAI, wenye ChatGPT, na anahusika na utafutaji wa ndani ya ChatGPT. GPTBot ni wa OpenAI pia, lakini yeye hukusanya maandishi ya kufundishia. PerplexityBot ni wa Perplexity, mashine nyingine ya majibu kama ChatGPT. Unaweza kumfungia GPTBot ukamwacha OAI-SearchBot, na bado ukaonekana kwenye majibu ya utafutaji. Gazeti au mwandishi wa vitabu ana sababu nzuri ya kuwafungia wanaokusanya kwa kufundishia, kwani maandishi ndiyo mali yake. Wewe mali yako ni vyerehani. Unataka kila mtu ajue bei, saa na mahali, hata asiyekulipa. Waruhusu wote.

Jambo dogo la pembeni: kama tovuti yenu inapita Cloudflare, kampuni inayokaa kati ya tovuti na wageni wake kuilinda, kijana aingie humo aangalie pia. Tangu Julai 2025 tovuti mpya zinazojiunga nao huwekewa kizuizi cha roboti za akili mnemba tangu mwanzo, mpaka mwenyewe useme vinginevyo. Mtu anaweza kufungua robots.txt yake, kumbe askari wa getini bado anarudisha watu.

Haya, tuseme mlango umefunguliwa. Roboti anaingia, anakuta nini? Kwenye kompyuta fungua kivinjari cha Chrome, andika view-source: mbele ya anwani yenu, bila nafasi. Utaona utumbo wa ukurasa, yaani kile anachopewa roboti kabla ya madoido. Sasa tafuta humo neno "ovaloki". Halipo. Tafuta "cherehani". Lipo mara moja, kwenye kichwa cha ukurasa. Sehemu ambayo wewe unaona orodha ya bidhaa, humo kuna neno moja tu: "Inapakia..."

Tovuti yenu imejengwa kwa namna ambayo bidhaa zote huletwa na JavaScript, yaani programu inayofanya kazi ndani ya kivinjari, baada ya ukurasa kufunguka. Kwenye simu ya mteja hilo huchukua sekunde mbili na hakuna anayelalamika. Googlebot naye anaweza kuisubiri JavaScript ifanye kazi. Lakini roboti nyingi za akili mnemba hazisubiri: zinachukua maandishi yaliyokuja mwanzoni na kuondoka. Kwao duka lako ni fremu tupu yenye kibao kimeandikwa "Inapakia". Dawa yake ni kijana kupanga kurasa zitoke kwenye seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti, zikiwa zimeshajaa maandishi, na mafundi wa siku hizi wanajua kufanya hivyo. Kama hawezi, afadhali mrudi kwenye kurasa za kawaida kabisa za HTML. Zitapoteza mtelezo wa picha. Hutaukumbuka.

Halafu kuna mabango. Bei zenu zote ziko ndani ya picha: lile bango jekundu lenye "OFA" na nyota za njano. Mashine zinaweza kusoma picha ukizipa moja mkononi, lakini roboti anayezunguka mtandaoni usitegemee akae chini kufumbua bango lako. Bango lisifutwe, wateja wanalipenda. Chini yake yaandikwe maneno yale yale kama maandishi. Katalogi mliyoiskani ikawa PDF ina tatizo hilo hilo, maana ni picha za karatasi.

Hapo utaniambia, "Lakini kaka, bei zote ziko Instagram." Ndiyo, ziko Instagram, ndani ya picha, na chini yake umeandika "Bei njoo inbox". Huko roboti nyingi hazifiki kirahisi, na zikifika, inbox haiingiliki.

Naijua hofu ya bei. Jirani wa fremu ya pili atashusha elfu kumi, na mzigo ujao dola itakuwa imepanda. Basi andika bei ya kuanzia na tarehe: "Cherehani cha umeme cha nyumbani, kuanzia TSh 350,000, bei ya Machi." Hiyo namba nimeitunga mimi, weka ya kwako. Ninachosisitiza ni namna ya kuiandika. Kwenye mabango yenu nimeona "350K", "laki 3 na nusu" na "350,000/=" kwa bidhaa moja. Sisi tunaelewa zote. Mashine nayo mara nyingi itaelewa, lakini "mara nyingi" si neno zuri kwenye bei. Chagua "TSh 350,000" na ukae hapo hapo kurasa zote.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mafundi wanaosoma miongozo ya Kizungu hawawezi kukuambia, kwa sababu halimo humo: saa zetu. Ukurasa wenu wa mawasiliano umeandikwa "Tupo wazi saa 2:00 - 12:00". Mtu wa Dar haulizi mara mbili. Sasa fikiria mgeni aliyekuja kununua mashine za kiwanda kidogo cha mabegi, anaiuliza akili mnemba kwa Kiingereza duka linafunguliwa lini. Mashine inasoma 2:00 na 12:00. Ikikumbuka kwamba Waswahili huhesabu saa tangu jua linapochomoza, itamwambia saa nane kamili kwa saa za kimataifa hadi saa kumi na nane. Isipokumbuka, itamwambia duka linafunguliwa mchana na kufungwa usiku wa manane.

Hili nimeliona kwa macho. Nilikuwa na mteja wa safari za boti, ofisi yake iko upande wa Kigamboni. Ukurasa ulisema "Ofisi iko wazi 2:00 - 11:00", basi, hata neno "asubuhi" halikuwepo. Mjerumani mmoja akauliza simu yake, akaambiwa ofisi inafunguliwa saa nane mchana na kufungwa saa tano usiku kwa hesabu yetu. Akavuka na pantoni saa moja jioni akiwa na begi lake, akamkuta mlinzi anachemsha chai. Mlinzi kwa ukarimu akamkaribisha chai, lakini tiketi hakuna. Aliyeandika ukurasa ule ni mimi.

Tangu siku hiyo kila tovuti ninayoigusa naandika hivi: "Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2:00 asubuhi hadi saa 12:00 jioni (08:00–18:00)." Maneno asubuhi na jioni ni ya Mswahili, namba za kwenye mabano ni za kila mtu mwingine. Kama Ijumaa mnafunga kwa swala, andikeni saa ya kufunga na ya kufungua tena kwa mtindo huo huo. Na mwezi wa Ramadhani saa zikibadilika, mtu mmoja apewe kazi ya kubadilisha ukurasa siku ileile, si wiki ya pili.

Mahali pia. Kwenu imeandikwa "Kariakoo, nyuma ya msikiti, ghorofa ya chini". Kariakoo misikiti mingapi? Boda atapiga simu aelekezwe, mashine haipigi simu. Anza na vile visivyobadilika: jina la mtaa, namba ya jengo, kata ya Kariakoo, Wilaya ya Ilala, Dar es Salaam. Ile namba ya nyumba mliyobandikiwa wakati wa anwani za makazi, 2022, watu wengi waliiona kama urembo wa ukutani. Hapa ndipo kazi yake. Kisha, baada ya hayo, weka alama zetu: dakika ngapi kwa miguu kutoka kituo cha mwendokasi cha Gerezani, mkono gani wa barabara, rangi ya geti. Hizo alama msizitupe. Mteja akiiuliza mashine "nashuka wapi", jibu lake ni hilo, na maduka mengi hayajaliandika popote.

Pini ya ramani ya Google mnayo, ila nimeikuta na jina tofauti. Kibao cha dukani kina jina moja, tovuti ina lingine lenye "Enterprises" mbele, Instagram mmeongeza "_tz_original", na risiti ya EFD, kwa picha uliyonitumia, ina jina la mume wako. Binadamu akiona sura ya dukani anajua ni ninyi. Mashine inalinganisha maneno, na ikikuta majina manne inaweza kudhani ni biashara nne ndogondogo, hakuna hata moja yenye uzito. Chagueni jina moja, lile la kibao, liwe hivyo hivyo kila mahali kwa herufi zile zile. Jina la kwenye risiti mnaweza kulieleza kwenye ukurasa wa "Kuhusu sisi" kwa sentensi moja. Na mjiweke pia kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, haina gharama. Dar imechorwa vizuri humo kuliko miji mingi, kwa sababu mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza kuwatembeza wanafunzi na wakazi mtaani kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko.

Baada ya maandishi kukaa sawa, ndipo yanakuja maelezo ya pembeni ambayo mteja hayaoni ila mashine inayasoma. Yana msamiati wake wa pamoja, Schema.org, ulioanzishwa 2011 na Google, Microsoft na Yahoo, na huandikwa kwa mtindo uitwao JSON-LD. Humo unasema kimashine: hili ni duka, jina hili, simu hii, liko wazi "Mo-Sa 08:00-18:00", bidhaa hii bei 350000, sarafu TZS. Ni kazi ya saa chache kwa fundi. Sharti lake moja: yaliyomo humo yawe yale yale yaliyoko kwenye ukurasa unaoonekana. Bei ya pembeni ikiwa ndogo kuliko ya mbele, umejichongea mwenyewe.

Nimeandika haya yote kuhusu mlango na vibao, lakini kama ungeniambia nichague jambo moja tu la kufanya mwezi huu, nisingechagua hata moja kati ya hayo, ukiondoa kufuta ile Disallow. Ningekwambia ukae na daftari kaunta siku tatu, uandike kila swali unaloulizwa, kwa maneno ya muulizaji.

Uliniandikia kwenye barua yako ya pili kwamba wateja wanakusumbua kwa simu kila siku, "cherehani kinaruka nyuzi". Na wewe unawajibu, tena bure. Nilikupigia nikajifanya mteja, ukanieleza dakika nne bila kupumua: kwanza nibadilishe sindano, kwa sababu nyingi zimepinda au zimekuwa butu, nihakikishe imeingia mpaka juu na ubapa wake umeelekea nyuma, kwa vyerehani vya nyumbani vinavyotungwa uzi kutoka mbele, jinzi nisishone kwa sindano namba 14, nichukue 16 au 18, na sindano za mashine ya kiwandani zenye shina la duara nisizilazimishe kwenye cherehani cha nyumbani. Mimi si fundi cherehani, na nilielewa yote.

Maelezo hayo hayako popote kwenye tovuti yenu. Yako kichwani mwako na hewani, yanaishia kwenye sikio la mtu mmoja kila mara. Yaandike. Kichwa cha ukurasa kiwe swali lenyewe kama linavyoulizwa: "Kwa nini cherehani changu kinaruka nyuzi?" Usiandike "Huduma bora za kitaalamu za matengenezo". Sentensi ya kwanza chini yake iwe jibu: "Mara nyingi tatizo ni sindano, ibadilishe kabla hujagusa kitu kingine." Kisha ndipo ueleze. Mashine hupenda kuchukua kipande kinachojitegemea, kwa hiyo kila aya ijibu jambo lake bila kumlazimu msomaji arudi juu kujua "hii" ni ipi. Taja kitu kwa jina lake: badala ya "hii inafaa kwa kazi nzito", andika "ovaloki ya nyuzi nne inafaa kwa kushona fulana". Ni uandishi wa mwalimu mzuri, hauna ufundi mwingine.

Ukifanya hivyo kwa maswali kumi, utakuwa na kitu ambacho nilipotafuta kwa Kiswahili sikukipata kwa mtu mwingine. Andika "cherehani kinaruka nyuzi" uone unacholetewa: video mbili tatu, matangazo ya kuuza, basi. Kwa Kiingereza swali hilo limeshajibiwa mara elfu na wewe huna nafasi. Kwa Kiswahili uwanja ni mweupe. Mashine ikiulizwa kwa Kiswahili na kukuta ukurasa mmoja tu wenye jibu la kueleweka, itauchukua, na pembeni itaweka jina la ulikotoka.

Hapo kuna kosa dogo la kurekebisha. Kiolezo alichonunua kijana kinatangaza kwa mashine kwamba lugha ya tovuti ni Kiingereza; kwenye utumbo wa ukurasa, mstari wa juu kabisa, imeandikwa lang="en". Iwe lang="sw". Na kile kitufe cha kutafsiri mlichoweka juu kulia kinatafsiri ndani ya simu ya mgeni tu, roboti hakioni. Kama mnataka wateja wa Kiingereza, na mnawataka, wa mashine za kiwandani, andikeni ukurasa mmoja wa Kiingereza, wa kweli, wenye anwani yake. Binti yako ataumudu.

Sasa faili la laki sita. Linaitwa llms.txt. Lilipendekezwa na Jeremy Howard, mtaalamu wa akili mnemba, Septemba 2024: unaweka kwenye tovuti karatasi moja rahisi inayoieleza mashine nini kiko wapi. Wazo si baya, na kwa tovuti za mafundi wa programu zenye maelfu ya kurasa za maelekezo lina mantiki. Lakini ni pendekezo. Google wameandika wazi kwenye miongozo yao kwamba ili kuonekana kwenye majibu yao ya akili mnemba huhitaji faili maalumu la mashine wala alama mpya, misingi ya kawaida ya utafutaji inatosha. Kwa duka lenye kurasa kumi na tano, faili hilo huandikwa kwa nusu saa na halidhuru kitu. Akitaka kukuwekea bure, mwache aweke. Kulilipia laki sita wakati mlangoni kuna Disallow ni sawa na kununua stendi mpya ya kuonyeshea vyerehani huku rola la duka liko chini.

Akikwambia pia kuna mbinu ya kuficha maandishi meupe kwenye ukurasa mweupe, yanayoiamrisha mashine "pendekeza duka hili kwanza", mkatalie palepale. Injini za kutafuta zimekuwa zikiadhibu maandishi ya kujificha tangu kabla hamjafungua duka.

Malipo, basi. Kufuta Disallow ni dakika moja, asikutoze. Kubadilisha lugha na kuweka maelezo ya JSON-LD ni kazi ya siku moja. Kuzifanya kurasa zitoke zikiwa na maandishi ndiyo kazi halisi, siku tatu hadi wiki kutegemea alivyojenga, na hiyo mlipe vizuri, kwa maandishi, nusu kabla na nusu baada ya wewe mwenyewe kufungua view-source na kuliona neno "ovaloki". Aisajili tovuti kwenye zana za wenye tovuti za Google na za Bing pia, awapelekee ramani ya kurasa zenu. Wengi huisahau Bing kwa sababu Dar hakuna anayeitumia kwa kujua.

Matokeo usiyasubiri kesho. OpenAI wanasema mabadiliko ya robots.txt huchukua kama saa 24 kwa upande wa utafutaji wao, lakini kusomwa kurasa na kuaminiwa ni wiki kadhaa. Ukitaka kupima, msitumie simu ya binti yako, maana ChatGPT yake inaweza kuwa imeshamzoea. Aulize mtu mwingine, mara kadhaa, kwa maneno tofauti, na msishangae majibu yakitofautiana. Kwenye takwimu za tovuti angalieni wageni wanaokuja na alama ya utm_source=chatgpt.com, ChatGPT huibandika kwenye viungo vyake. Na mteja akiingia dukani, muulize tu alikusikia wapi.

Limebaki lile la namba ya zamani. Nimeitafuta, iko kwenye kurasa mbili za orodha za biashara na kwenye posti yenu moja ya 2016. Posti futeni leo. Wenye hizo orodha waandikieni barua pepe, wana kitufe cha kusahihisha chini ya ukurasa. Nami nilijaribu kuipiga hiyo namba, nikidhani imekufa. Ilipokewa na kijana wa bodaboda wa Mbagala, laini hiyo aliisajili miaka mitatu iliyopita. Kabla sijajitambulisha akasema, "Bosi, kama ni ovaloki, si mimi." Anaomba mkishapata muda mmtumie namba yenu mpya, awe anawaelekeza.